Kitabu cha Kugusa kwa Kidole: Kitamfaa Nani Nyumbani?

Mpendwa mama mwenzangu, mwezi huu nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho huenda mwanao au ndugu yako aliye mbali ameshakutajia: kile kifaa chembamba cha kusomea vitabu, chenye skrini ya kugusa. Kwetu kiliingia ndani ya mkoba wa wifi yangu, ambaye ni muuguzi Ujerumani. Alipokuja likizo alikiweka mezani akasema, "Wifi, nataka kumwachia mama hiki. Wewe unaonaje?"

Kusema kweli, sikufurahi. Nilipiga hesabu kichwani, nikaona sare za shule na magunia ya mahindi. Lakini wifi aliniuliza swali moja tu: "Umemwona mama akifunua ukurasa siku hizi?" Nikanyamaza. Mama mkwe ni mwalimu mstaafu wa miaka 74. Kila jioni alikuwa bado anakaa barazani na kitabu mapajani, ila kurasa hazikufunuliwa. Alikuwa akikishika tu, ili tusimwulize kwa nini hasomi.

Basi tukakubaliana mama akijaribu kwa wiki tatu, kisha tuamue pamoja. Hebu nikueleze tuliyoyaona, mema na mabaya, nawe upime kwa mizani yako.

Jema la kwanza ni ukubwa wa herufi. Kitabu cha karatasi kimechapwa kimechapwa. Macho yakichoka, hakikuonei huruma. Katika kifaa hiki unagusa sehemu ya juu ya skrini, unachagua herufi, nazo zinakua mpaka ukurasa unabaki na mistari michache tu. Siku ya pili mama alisoma sura nzima bila kuinua kichwa.

Jema la pili ni namna skrini yenyewe ilivyo. Huenda ukauliza, kwa nini asisome kwenye simu? Skrini ya simu inakupiga mwanga usoni, na juani huioni vizuri. Kifaa hiki kinatumia kinachoitwa wino wa kielektroniki: ndani yake mna vidonge vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe, na umeme huzisukuma zipande juu au zishuke ili ziandike herufi. Matokeo yake yanafanana na karatasi, hata juani. Tena umeme unatumika hasa ukurasa unapobadilika, kwa hiyo chaji hudumu kwa wiki kadhaa. Sisi tunaokatikiwa na umeme tunajua thamani ya jambo hilo. Aina zenye taa ndogo ya kusomea usiku zina mwanga unaotandazwa juu ya ukurasa, wala hauelekezwi machoni.

Jema la tatu ni uzito. Vingi vya vifaa hivi vina gramu 200 hivi, navyo hubeba mamia ya vitabu. Kwa mikono yenye ugonjwa wa viungo, hiyo ni nafuu kubwa kuliko kushika Biblia ya jalada gumu.

Sasa tugeukie upande wa pili.

Kwanza, kugusa kwenyewe. Siku ya kwanza mama nusura akirudishe. Kidole chake kinatetemeka kidogo, na kila kilipopapasa pembeni ukurasa uliruka. Akasema, "Kitabu hiki kina haraka kuliko mimi." Skrini za siku hizi hutambua mguso kwa sababu ngozi hupitisha umeme, kwa hiyo hazichagui kati ya kidole kilichokusudia na kidole kilichopitiwa, na zikidondokewa na maji huchanganyikiwa. Ilibidi wifi amfundishe kukishika kwa mkono wa kushoto pembeni kabisa, na kugusa mara moja tu kwa mkono wa kulia. Zipo aina zenye vitufe vya kufunulia kurasa. Kama mzee wako anatetemeka mikono, tafuta hizo kwanza.

Pili, unachonunua si chako kama unavyodhani. Mara nyingi unalipia ruhusa ya kusoma tu. Julai 2009 kampuni ya Amazon ilifuta, katika vifaa vya wateja wake, nakala za vitabu viwili vya George Orwell, kimojawapo kikiwa kile tunachokijua kwa Kiswahili kama Shamba la Wanyama. Aliyeviuza hakuwa na haki ya kuviuza. Wateja walirudishiwa fedha na mkuu wa kampuni akaomba radhi, lakini watu walishaona kwamba mkono wa duka unaweza kufika mpaka kitandani kwako. Mwaka 2019 Microsoft nayo ilifunga duka lake la vitabu. Wanunuzi walirudishiwa fedha, na vitabu vikaacha kusomeka. Kitabu kilichoko kabatini mwako hakuna anayekuja kukichukua usiku.

Tatu, vitabu vya Kiswahili. Biblia ipo, na vingine vipo, lakini ni vichache ukilinganisha na vya Kiingereza. Usinunue kifaa kabla hujauliza kama vile mzee wako apendavyo vinapatikana. Na kumbuka kwamba duka linataka kadi ya benki, na kununua ni kugusa mara moja tu. Weka namba ya siri, la sivyo mjukuu atakununulia usichokijua.

Nne, na hili ndilo lililoniuma. Jumamosi ya pili binti wa jirani alikuja kama kawaida yake. "Shikamoo Bibi, nimekuja kuazima kitabu." Mama alikuwa katikati ya hadithi nzuri, akaanza kumsimulia, macho ya binti yakang'aa. Kisha mama akakitazama kifaa mkononi mwake, akanyamaza. Hadithi ile ilikuwa humo ndani, na kumpa binti hadithi ilikuwa kumpa kifaa chote. Kabla ya hapo, kitabu kikitoka kwa mama kilikwenda kwa mwanangu, kikavuka ua kwenda kwa jirani, kikarudi bila jalada. Tulikuwa tukilalamika juu ya majalada yale, kumbe ndivyo watoto wa mtaa huu walivyojifunza kupenda kusoma.

Jambo la mwisho si kosa la kifaa, bali lingekuwa kosa letu. Hata herufi zilipokuwa kubwa kabisa, nilimwona mama akifunika jicho la kushoto kwa kiganja. Nilipomwuliza akasema, "Huku kuna ukungu, mwanangu. Una muda mrefu." Tulikuwa tukisema ni uzee tu. Tulipompeleka hospitali aliambiwa ni mtoto wa jicho, ugonjwa unaotibika kwa upasuaji. Mama mwenzangu, herufi kubwa si dawa. Mtu akipitisha miaka 40 ni kawaida kushindwa kuona maandishi ya karibu, na miwani humsaidia. Lakini yako magonjwa mengine yanayonyang'anya macho polepole, kama presha ya macho, na hayo yakishaharibu hayarudishi. Kabla hujamnunulia mzazi wako kifaa chochote, mpeleke kwanza akapimwe.

Je, tuliamua nini? Kifaa kimebaki, na ni cha mama. Nilikosea kukipima kwa magunia ya mahindi bila kumtazama yeye. Mtu aliyesoma maisha yake yote akinyimwa kusoma, anaondoka katikati yetu kabla ya wakati wake. Lakini wifi alipotaka kuwanunulia na watoto, kila mmoja chake, nilikataa kwa upole. Nilimwomba fedha za kimoja tu, tuongeze vitabu vya karatasi kabatini, vya kuazimwa na kuchakaa. Na saa moja jioni mama anawasomea wote kwa sauti kutoka katika kifaa chake, binti wa jirani akiwemo. Hadithi haiwezi kutoka mle kwa mkono, basi na itoke kwa mdomo.

Nawe pima nyumbani kwako. Usiulize tu kifaa ni kizuri au kibaya. Uliza ni nani nyumbani ameacha kusoma, na kwa nini. Kisha uliza ni nani anayetazamia kupokea kitabu baada yake.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.