Filamu ya bure imeniponza

Mwenzenu yamenikuta! Nilitaka kuangalia filamu ya bure kwenye kompyuta ya kaka, ikaniambia nipakue kwanza programu ya kuchezea video. Kwa uroho wangu, nikabonyeza.

Filamu sikuiona. Ila tangu siku hiyo, nikitafuta kazi naletewa kamari. Nilipotafuta chuo, ukaja ukurasa mzuri tu, nikajaza fomu na kulipa ada ya maombi. Kumbe ni matapeli! Chuo chenyewe hakinijui.

Fundi akacheka: "Dogo, hiyo Trojani." Jina limetoka kwa farasi wa mbao wa Wagiriki. Unampokea kama zawadi, kumbe tumboni kabeba maadui. Mlango havunji, unamfungulia mwenyewe.

Na si mimi tu. Mwaka 2011 Waestonia sita walikamatwa kwa mchezo huu. Programu yao, DNSChanger, iliingia kompyuta zaidi ya milioni 4 katika nchi zaidi ya 100. Ilibadilisha mahali kompyuta inapouliza anwani za tovuti. Ni sawa na kuuliza njia ya Kariakoo ukaelekezwa Mbagala, na aliyekuelekeza akalipwa! Jamaa walivuna dola milioni 14 kwa matangazo.

Kwa hiyo kaeni chonjo. Video ikikudai programu usiyoijua, ifunge. Programu ichukue kwa mtengenezaji mwenyewe.

Mimi nasubiri maombi ya mwakani. Filamu ya bure imekula mwaka mzima! Tukutane wiki ijayo.