Pai ipimwe kwanza, kanuni ifuate

Vijana waliomaliza kidato cha nne wakija kuomba kibarua kwangu hapa Omurushaka, Karagwe, nawauliza swali moja: tangi la duara lenye kipenyo cha mita 2 na kimo cha mita 2 linaingia lita ngapi? Wengi kanuni wanaitaja papo hapo: pai mara nusu kipenyo mara nusu kipenyo mara kimo. Wakifika hapo wananyamaza. Najenga matangi ya maji ya mvua, na jambo hili linaniuma, maana vijana hawa wana akili timamu. Tatizo ni kwamba walikaririshwa kanuni kabla hawajapima kitu chochote.

Mwaka hadi mwaka tunasikia Hisabati imeangusha watoto kidato cha nne. Naamini shida inaanza shule ya msingi, siku ile ubaoni panapoandikwa kwamba pai ni 22/7, kisha zoezi linafuata.

Stendi yetu haikosi baiskeli za kubebea mikungu ya ndizi. Mwalimu aazime moja. Tairi litiwe alama ya chaki pale linapogusa chini, baiskeli isukumwe taratibu mpaka alama irudi chini tena, kisha upimwe umbali iliokwenda. Gurudumu la kipenyo cha sentimita 70 litakwenda karibu sentimita 220. Gawanya: tatu na kidogo. Sasa zungushia kamba mfuniko wa sufuria, ndoo, pipa. Ni tatu na kidogo ile ile. Mtoto akishaipata kwa mikono yake, hapo aambiwe kwamba hiyo ndiyo pai, na habari za mwanahisabati Archimedes, ambaye zaidi ya miaka 2,200 iliyopita alithibitisha kwamba namba hiyo ni ndogo kuliko 22/7 na kubwa kuliko 223/71. Aambiwe pia kwamba mwaka 1761 mwanahisabati Lambert alithibitisha kuwa hakuna sehemu yoyote ya namba nzima inayolingana nayo sawasawa. Kwa hiyo 22/7 ni makadirio, tena mazuri sana: kwenye tangi la kipenyo cha mita 2, mzingo unapishana kwa milimita mbili na nusu tu. Unene wa plasta unazidi hapo.

Duara lina faida hata kwenye nyumba. Wazee wetu wa Kinyambo waliishi kwenye msonge, nyumba ya duara. Ukuta wenye mzunguko wa mita 12, ukiujenga mraba, unapata eneo la mita za mraba 9. Ukiuzungusha duara, unapata karibu 11 na nusu kwa urefu ule ule wa ukuta.

Kutojua hesabu ya duara kunawagharimu watu fedha. Ukiongeza kipenyo cha tangi lile la mita 2 mara mbili bila kugusa kimo, maji yanakuwa mara nne, kutoka lita 6,280 hadi zaidi ya 25,000. Ukuta unaongezeka mara mbili tu. Sakafu na paa ndivyo vinavyofika mara nne, na nondo lazima ziongezwe, kwa kuwa duara likipanuka, ukuta unavutwa zaidi hata kama kina cha maji ni kile kile. Mteja anayelijua hili fundi hawezi kumpiga kwenye makadirio ya vifaa. Kwenye miti ni hivyo hivyo. Gogo la mlingoti lenye mzingo wa sentimita 120 lina ujazo mara nne ya lile la sentimita 60 lenye urefu sawa. Nimeona wenye mashamba wakikubali bei mara mbili, wakaona wamepata.

Mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi sekondari, ulioanza mwaka 2024 umefungua mlango. Naomba walimu wa Karagwe na Kyerwa wautumie: somo la duara lianzie nje ya darasa, na mtihani wa shule uwe na swali la kupima kitu halisi. Siku ya Kimataifa ya Hisabati ni Machi 14, masika yanapoanza; ni siku nzuri ya kupima maji ya paa, kwa kuwa milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Mwalimu anayetaka kuleta darasa lake kwenye saiti yangu, alilete. Waje na kamba, rula na daftari.