MWALIMU AKIFA, TUNABAKI NA NINI?



Ndugu zangu, wiki iliyopita niliweka hapa sauti ya darsa ya mwalimu wangu, Allah amrehemu. Chini yake ndugu mmoja akaandika kuwa akipatwa na jambo zito hufungua sauti yoyote ya sheikh bila kuchagua, na maneno ya kwanza atakayoyasikia ndiyo jibu lake. Wengi wakamuitikia "maashaallah". Mimi nikanyamaza, na sababu nitaieleza.

Kwanza niwape habari ya utafiti mmoja. Yoram Bilu ni Myahudi, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Kiebrania kilichopo Jerusalem, na amebobea katika fani mbili: saikolojia na anthropolojia. Yaani anaichunguza nafsi ya mtu, na anaichunguza jamii anayoishi ndani yake. Kitabu chake With Us More Than Ever, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 2020, kinawahusu Chabad, kundi la Mayahudi wa Kihasidi ambao makao yao makuu yapo Brooklyn, New York. Kiongozi wao, Rabi Menachem Mendel Schneerson, alifariki Juni 1994 akiwa na miaka 92. Hakuacha mtoto, na hakuna aliyekalia nafasi yake. Miongoni mwa wafuasi wake walikuwapo walioamini kuwa ndiye Masihi anayesubiriwa. Alipozikwa, baadhi yao wakasema hakufa, bali macho yetu tu ndiyo hayamuoni.

Sasa tazameni walivyoishi na imani hiyo. Ndani ya sinagogi lake huandaa kiti chake, hutandika zulia, na umati hujigawa huku na huku ili apate njia ya kupita. Hapiti mtu. Barua alizoandika enzi za uhai wake zimechapishwa, zaidi ya juzuu 30. Mwenye shida ya ndoa, maradhi au biashara huandika swali lake, akaichomeka karatasi ndani ya juzuu moja, kisha barua iliyoangukia ukurasa ule akaisoma kama jibu. Picha na video zake zimejaa kila mahali. Na wapo wanaoshuhudia kuwa wamemuona kwa macho yao.

Bilu hakuwaita wendawazimu. Alizikusanya shuhuda zao, akatazama na mazingira wanamoishi: sura ya mtu mmoja ukutani na kwenye skrini, watu wanaotamani kumuona usiku na mchana, na kundi zima linalongoja habari hiyo kwa hamu. Jicho likishazoeshwa hivyo, kivuli kidogo kinatosha. Aliyefiwa na mzazi ananielewa. Mara ngapi umesikia kikohozi chake ukumbini na hali umemzika wewe mwenyewe?

Najua kuna atakayeandika hapa kwamba hao ni Mayahudi, tuwacheke. Ndugu yangu, kuwa muadilifu. Ndani ya Chabad kwenyewe wapo wanaokubali kuwa rabi wao amelala kaburini kule Queens. Na David Berger, rabi na mwanahistoria, aliandika kitabu mwaka 2001 akiwalaumu marabi wenziwe kwa kulinyamazia jambo hili. Halafu kumbuka, alipofariki Mtume wetu ﷺ, aliyesimama kukana hakuwa mjinga wala mnafiki. Alikuwa Umar, radhi za Allah ziwe juu yake. Mapenzi yalimzidi. Abu Bakr alipenda vilevile. Aliingia, akaufunua uso mtukufu, akaubusu, akalia. Kisha ndipo akatoka kwenda kuwaambia watu ukweli, akawasomea aya ya Surat Aal Imran, na miguu ya Umar ikaishiwa nguvu. Mimi hupenda kukitazama hapo kile kilio. Hakujikausha ili aonekane imara.

Sasa sababu ya kunyamaza kwangu. Mwaka aliofariki mwalimu wangu niliitwa kwenda kusomesha madrasa ya mbali. Nilitaka na nikaogopa. Usiku nikachukua daftari lake la darsa, nikafumba macho, nikafungua. Ikatoka milango ya tayammum. Nikajifasiria: maji hayapo huko, usiende. Nikakataa ile kazi kwa sababu ya ukurasa! Mke wangu alipojua alisema, "Sheikh angekuwa hai ungemuuliza, naye angekwambia uswali istikhara na uwaulize wanaoijua kazi hiyo." Sikuwa na la kujibu. Mwalimu aliyenisomesha istikhara nilikuwa nimemgeuza kuwa fali.

Kumkumbuka, kumuombea, kusikiliza sauti yake mpaka machozi yakutoke, hayo hakuna anayekukataza. Lakini kumchagulia marehemu maneno ambayo hakukwambia wewe, na ukayafuata katika ndoa yako na mali yako, hilo ni kumzulia.

Ile sauti ya wiki iliyopita sitaiondoa. Ni darsa ya kuuziana kwa mkopo, dakika 40. Isikilizeni kuanzia mwanzo.

Wabillahi tawfiiq.