HIVI YULE MAMA WA KAMBO WA BONGO MUVI HANA HATA SABABU?

Wadau wa Kasulu na Kibondo wanamjua vizuri huyu mama. Kila muvi yumo. Kope ndefu, kucha nyekundu, kazi yake kukaripia. Mtoto wa mume hali, halali, anachota maji mpaka usiku. Mwisho mama anapata kichaa, kibanda umiza kizima kinapiga makofi, watu wanarudi kulala.

Akikosekana mama wa kambo, yupo bibi. Mzee, macho mekundu, anaishi peke yake, na ndiye mchawi. Kwa nini anaroga? Hakuna anayejua. Hata aliyeandika hadithi hajui. Ni mbaya kwa sababu ni mbaya, basi.

Wapo watakaosema hii ni burudani tu, watu waache kukuza mambo. Sawa, lakini hii ni Kigoma bana. Huku kuna kamchape, vile vikundi vinavyopita vijijini vikidai vinafichua wachawi. Watu wamechomewa nyumba, wengine wamekimbia makwao. Na mara nyingi anayenyooshewa kidole ni nani? Mzee asiye na mtetezi, yuleyule wa kwenye muvi.

Hakuna anayesema muvi ndiyo iliyowasha kiberiti. Ila mtu aliyeangalia muvi 50 ambazo bibi mpweke ni mchawi zote, akikutana na bibi mpweke wa kweli hana swali la kuuliza. Jibu analo tayari.

Wakongwe walilijua hili zamani. Chukua Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971. Zakaria, baba yake Rosa, ni mlevi, na anampiga binti yake vibaya sababu ya barua ya mvulana. Msomaji hatamani kumtetea hata kidogo. Lakini anamuona baba anayeogopa binti yake asiharibike, na ukali huohuo ndio unachangia kumharibu. Hiyo inauma kuliko mama wa kambo 100.

Hata Shaaban Robert, ambaye waovu wake kwenye Adili na Nduguze aliwaita Hasidi na Mwivu, yani jina tu linamaliza kesi, hakuishia kuwakomoa. Ndugu hao wakageuzwa manyani, Adili akaamriwa awachape kila usiku. Akawachapa huku analia.

Kumpa muovu sababu siyo kumsafisha. Mama anayemnyima mtoto chakula alipe tu, hakuna mjadala. Lakini kabla hajalipa, si tuonyeshwe siku mume alipomwambia mbele ya huyo mtoto kwamba yeye hazai? Dakika mbili tu, wala haihitaji bajeti. Kibanda umiza hakitapiga makofi haraka. Kuna mume mmoja ataangalia chini.

Na yule bibi naye apewe jina kwanza, siyo "mchawi" tu. Halafu kamera iingie jikoni kwake. Mafiga matatu, kuni mbichi, nyumba haina dirisha. Amepikia humo miaka 60. Hapo mtazamaji atajua mwenyewe macho yalipata wapi wekundu.

Haya wadau, muovu gani wa muvi au riwaya aliwahi kukufanya ukose wa kumlaumu? Tiririka hapo chini.