Mwendo wa Katuni Ufuate Saa, Usifuate Mashine

Katuni ya kompyuta ni picha tuli nyingi zinazofuatana upesi, na jicho huziunganisha zikawa mwendo mmoja. Katika sinema kipimo cha kawaida ni picha 24 kwa sekunde, na kwa hiyo mchoraji ajua kila hatua itachukua muda gani. Kompyuta haina kipimo kimoja: vioo vingi huonyesha picha 60 kwa sekunde, vingine 120, na mashine iliyoelemewa na kazi huweza kushuka chini ya 30.

Hapo ndipo hujificha kosa la wanaoanza kuandika programu. Mwandishi huuagiza mpira usogee nukta 10 za kioo katika kila picha. Penye picha 60 mpira hupita nukta 600 kwa sekunde. Penye picha 120 hupita 1,200. Katika mchezo wa Space Invaders, uliotoka Japani mwaka 1978, maadui walizidi kwenda mbio kadiri walivyopungua, kwa kuwa prosesa ilibakiwa na vichache vya kuchora. Jambo hilo liliwapendeza wachezaji. Lakini bahati si kanuni.

Katika darasa la fizikia kosa hilo lina madhara. Tuseme programu yaonyesha jiwe likianguka mita 19.6. Kwa mchapuko wa mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde, jiwe hutumia sekunde 2. Programu iliyopimwa kwenye mashine ya picha 60, ikifunguliwa kwenye ile ya picha 120, italifikisha jiwe chini kwa sekunde 1. Mwanafunzi apimaye kwa saa yake atapata mchapuko wa 39.2, yaani mara nne ya ukweli, wala hatakuwa amekosea hesabu.

Wako wasemao kwamba kuhesabu picha ni rahisi zaidi kwa mwanafunzi mchanga. Urahisi huo ni wa siku ya kwanza tu. Dawa yake imo katika kitabu cha fizikia: umbali ni nusu ya mchapuko, mara muda kwa kipeo cha pili. Kabla ya kuchora kila picha, programu iiulize saa ya kompyuta muda uliopita tangu jiwe liachiwe, kisha iliweke jiwe mahali panapostahili muda huo. Katika mashine dhaifu jiwe litaonekana likirukaruka, lakini litafika chini kwa wakati wake.

Walimu hawana budi kufundisha hivyo tangu programu ya kwanza. Shule hazina mashine za aina moja, na si haki sheria ya maumbile ibadilike kwa sababu shule moja ina kompyuta mpya na jirani yake ina ya zamani.