Mkinipigia, niulizeni kwanza nipo wapi

Ndugu zangu wa Tanga, Dar es Salaam na Iringa,

Barua hii ni ya ukoo mzima, na yeyote mwenye mtu wake anayeendesha lori Marekani aisome kama vile ameandikiwa yeye.

Shangazi amenifikishia lawama zenu. Kwamba siku hizi nikipigiwa najibu "ndiyo, sawa, haya", kisha nakata. Wengine wameshasema dola zimenipanda kichwani. Ngojeni niwaeleze simu yenu inanikuta wapi.

Mkishamaliza kula, saa mbili za usiku, mmenyoosha miguu mkekani, ndipo mnapowakumbuka walio mbali. Muda huo huku Colorado ni saa nne au saa tano asubuhi, kutegemea msimu, nami nimo katikati ya kazi. Lori na tela lake, likijaa mzigo, linaruhusiwa kufika pauni 80,000, yaani kama tani 36. Simu imebanwa kwenye kishikio pembeni ya usukani. Sikio moja lina hedseti, la pili nimeliacha wazi lisikilize barabara. Simu ikiita, mashine inanitajia jina la anayepiga, nami naiamuru kwa mdomo ipokee au imwambie nitampigia baadaye. Mikono haitoki kwenye usukani.

Mashine yenyewe naisemesha Kiingereza. Google tangu 2017 inaandika Kiswahili unachokitamka, lakini huyu msaidizi wa kwenye gari langu Kiswahili hakimwingii, na majina yetu anayasoma vibaya kiasi kwamba siku ya kwanza alipomtaja Shangazi nilidhani ni watu wa madeni. Ndiyo maana wengi wenu nimewabatiza upya humo ndani. Mjomba wa Iringa anaitwa George. Anisamehe.

Hii ya kuongea bila kushika simu hatukuichagua kwa anasa. Tarehe 26 Machi 2010, karibu na Munfordville, Kentucky, lori lilivuka ukanda wa kati wa barabara kuu ya I-65 likagongana na gari la abiria. Walikufa watu 11, dereva wa lori akiwemo. Bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ilichunguza, ikasema dereva alizubaishwa na simu, ikapendekeza madereva wote wa magari ya biashara wakatazwe simu kabisa, ya kushika na ya kutoshika. Serikali ikachukua nusu ya ushauri. Kuanzia Januari 2012 dereva wa lori haruhusiwi kushika simu wala kubonyeza zaidi ya kitufe kimoja ili kupiga au kupokea, wala kujinyoosha kuifuata hadi aache kukaa sawasawa kitini. Kanuni ilipoanza ilitaja faini ya hadi dola 2,750 kwa dereva na hadi 11,000 kwa kampuni. Ukikamatwa mara mbili ndani ya miaka mitatu unasimamishwa siku 60, na hizo ni siku 60 ambazo hakuna anayetumiwa hela ya ada. Kampuni nyingi zimeongeza na kamera inayomtazama dereva usoni. Ukiinamisha macho kidogo tu inapiga kelele.

Ile nusu iliyoachwa ndiyo inayonifanya niwaandikie.

Ukitoka kwenye handaki la Eisenhower huku Colorado, zaidi ya mita 3,300 juu ya usawa wa bahari, ukielekea magharibi, barabara kuu ya I-70 inaporomoka hadi Silverthorne. Waliowahi kushuka mlima Kitonga na mzigo watanielewa. Unapunguza gia kabla hujaanza kushuka, unaiacha injini ikushikilie, breki unaigusa kwa vipindi, maana ikishapata moto haishiki tena. Pembeni wamechimba njia za kokoto za kuliokoa lori lililoshindwa kusimama. Hapo ndipo Mjomba aliponiuliza kama naafiki shamba la babu ligawanywe. Nikamwambia, Mjomba, nipo mteremkoni. Akajibu, "Sawa, basi wewe nisikilize tu."

Nisikilize tu! Kusikiliza ndiko kunakokula akili. Mikono ilikuwa kwenye usukani na macho yalikuwa barabarani, sheria yote nimeitimiza, lakini kichwani nilikuwa napima mipaka ya shamba toka mkorosho hadi kisimani. Profesa David Strayer wa Chuo Kikuu cha Utah amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi: mtu aliye kwenye simu, hata ya kutoshika, anakitazama kitu kilicho mbele yake na asikione. Mwaka 2015 yeye na wenzake, kwa kazi waliyoifanyia taasisi ya usalama barabarani ya AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, walionyesha kwamba kwa mifumo ya kuamrisha kwa sauti iliyo mibaya zaidi, akili huchukua hadi sekunde 27 kurudi barabarani baada ya dereva kumaliza kuiamuru. Mimi kwa kilomita 105 kwa saa nakwenda mita 29 kila sekunde. Pigeni hesabu: ni zaidi ya mita 750 za lori lenye dereva nusu.

Mtauliza, mbona ukiwa na mtu kwenye gari mnapiga soga? Strayer na wenzake walilitazama na hilo. Abiria anaiona barabara. Gari la mbele likiwasha taa nyekundu, ananyamaza mwenyewe bila kuambiwa, au anakuonyesha kwa kidole. Mjomba angekuwa amekaa kiti cha pili pale Eisenhower angeshika dashibodi kwa mikono miwili, na habari ya shamba tungeisikia Silverthorne. Yuko Iringa, anachokisikia ni injini tu.

Sisemi msinipigie. Watafiti wa Virginia Tech waliowafuatilia madereva wa malori kwa kamera walitangaza mwaka 2009 kwamba kuandika ujumbe kuliongeza hatari zaidi ya mara 20, ila kuongea kwa simu ya kutoshika hakukuiongeza. Kulionekana hata kuipunguza. Utafiti huu na ule wa Utah havipatani vizuri, lakini mimi niliye kwenye kiti naviamini vyote viwili. Nebraska saa tisa alasiri, I-80 imenyooka, mahindi kulia, mahindi kushoto, usingizi unakuja taratibu: hapo mtu akinipigia kunisimulia Simba na Yanga ananiokoa. Salamu zenu ndefu pia hazina madhara. Habari za huko, baridi inasemaje, watoto wanakula: hayo mdomo unayajibu wenyewe. Shida inaanzia pale sauti inaposhuka na mtu akasema, "Sasa, kuna jambo."

Na jambo lenyewe mnajua linavyokuwa. Dada kapimwa, majibu yametoka. Kijana kafukuzwa shule. Au ile mbaya kuliko zote: "Nina habari, lakini usishtuke."

Hapa nawashangaa kweli, maana kwetu hatukulelewa hivyo. Aliye safarini haambiwi msiba njiani. Anaambiwa hali ya mgonjwa si nzuri, aje. Akifika anapokelewa begi, anakalishwa, anapewa maji, na mtu mzima anayeheshimika ndiye anayemweleza. Bibi angemshangaa mtu wa kumkimbilia dereva wa basi dirishani kumwambia baba yako kafa. Leo mnaliingiza neno hilo hilo sikioni mwa mtu aliye kwenye mteremko na tani 36, kwa sababu tu simu imepokelewa. Kupokea hakuna maana kwamba nimeketi.

"Si upaki pembeni?" Natamani. Bega la barabara kuu ni la dharura, na shamba la babu halimo. Kuna na saa ya kielektroniki iliyofungwa kwenye lori: nikianza kazi nina saa 14, na ndani yake naruhusiwa kuendesha 11. Nikisimama nusu saa kuongea, zile 14 zinaendelea kuhesabika. Jioni nafasi za kulaza malori zinajaa mapema, na atakayechelewa atazunguka akiitafuta huku muda unamwishia.

Basi tufanye hivi. Mkinipigia, swali la kwanza liwe "Upo wapi?", na nikijibu nipo njiani, nileteeni soga tu. Penye jambo, nitumieni ujumbe wa sauti. Nitausikiliza nikishapaki, na nitapiga mwenyewe. Penye msiba, mpigieni mke wangu. Anajua ratiba yangu na atangoja nisimame.

Binamu zangu wa bodaboda, na ninyi nawaona. Simu imechomekwa ndani ya helmeti, imebanwa na shavu, mikono miwili ipo kwenye usukani. Ni hedseti ya bure. Lakini abiria anapopiga mara ya tatu kuuliza "umefika wapi?" nawe ndio unaingia mzunguko wa barabara, ni mjomba yule yule. Ninyi wengine mnaowaagiza, mkishapiga mara moja, subirini. Anakuja.

La mwisho ni la kamati ya harusi. Mchango wangu nimeutuma jana jioni nikiwa nimepaki Cheyenne. Mweka hazina asinipigie kuuthibitisha, aandike tu kwenye kundi kwamba umefika, na aandike kiasi chote, na ile ya sare isisahaulike.