Utafiti wa Elimu Uvuke Maji

Hapa Butimba, jijini Mwanza, pana Chuo cha Ualimu ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikiandaa walimu wa shule zetu. Wako walimu wa nchi hii wasioishia katika cheti. Huendelea na masomo hadi shahada ya uzamivu ya elimu, na huko hujifunza ufundi wa kuuliza watu wengi maswali kwa utaratibu, yaani utafiti wa dodoso. Tunapenda leo kusema neno juu ya ufundi huo, kwani matokeo yake hufika mezani kwa wakubwa wanaoamua ni shule zipi zipate walimu, madawati na nyumba za walimu. Mtoto wa Ukara asipoonekana katika utafiti, ni vigumu akumbukwe katika mgao.

Mwanafunzi wa uzamivu hufundishwa mapema kwamba si lazima aulize watu wote. Mpishi huonja kijiko kimoja tu akajua chumvi ya sufuria nzima, lakini sharti kwanza akoroge. Maana yake ni kwamba kila shule iliyo katika eneo lake la utafiti iwe katika orodha, na iwe na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Wingi wa majibu hauponyi kasoro ya orodha. Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest la Marekani lilipokea majibu zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Roosevelt alishinda kwa kishindo. Gazeti lilikuwa limetegemea sana majina ya wenye simu na wenye magari, na mafukara wakabaki nje ya hesabu.

Huku kwetu, anayebaki nje ya hesabu kwa urahisi ni mtu wa kisiwani. Mwanafunzi mwenye fedha kidogo na muda mfupi anapoona nauli ya boti na mawimbi ya ziwa, hushawishika kuiacha shule ya Kome au Maisome iliyoangukiwa na kura, akachukua badala yake shule iliyo kando ya barabara. Kisha huandika juu ya jalada kwamba ametafiti shule za Mkoa wa Mwanza. Hatumdharau kwa uhaba wa fedha zake. Tunasema kwamba aliyeishia bara aandike kuwa ameishia bara.

Hata kuvuka maji peke yake hakutoshi. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi inapokuwa kali hupumzika. Mtafiti anayebisha hodi asubuhi katika siku za giza atawakuta wazazi wengi wamelala au wako mwaloni, na atajaza dodoso kwa maneno ya wachache waliobaki nyumbani. Wengine huhama kambi kufuata samaki, na watoto wao huhama pamoja nao. Orodha ya wanafunzi iliyoandikwa Januari inaweza isilingane na watoto walioko darasani mwezi Julai. Kalenda ya utafiti wa visiwani haina budi kutazama mwezi wa angani pamoja na ratiba ya chuo kikuu.

Tena liko suala la ukweli wa majibu. Mwaka 2004 watafiti waliofanya kazi na vijana wa vijijini mkoani Mwanza walichapisha ulinganisho wa njia tano za kupata habari za mwenendo wa vijana hao, kuanzia dodoso na mahojiano hadi vipimo vya maabara na kuishi nao kijijini. Ilidhihirika kwamba baadhi ya vijana ambao vipimo vilionyesha wamekwisha kukutana kimwili walikuwa wamekana jambo hilo walipoulizwa. Hilo ni funzo kwa kila mwanafunzi wa elimu. Mtoto anayeulizwa kama mwalimu wake huchapa viboko, huku mwalimu huyo amesimama dirishani, atajibu kwa hofu. Mzazi aliyezoea Kikerewe au Kijita, akisomewa swali lililotafsiriwa ovyo kutoka Kiingereza, ataitikia kwa adabu tu. Dodoso lijaribiwe kwanza kwa watu wachache, na swali lisiloeleweka liandikwe upya kabla ya kazi yenyewe kuanza.

Kwa viongozi wa Serikali tunatoa ombi moja. Mletewapo taarifa ya utafiti, msiridhike na asilimia zilizopangwa vizuri. Ulizeni ni shule zipi zilichaguliwa lakini hazikufikiwa, na kwa nini. Halmashauri inayompokea mtafiti na kumfungulia milango ya shule zake imtake pia arudishe matokeo kwa Kiswahili chepesi, yasomwe katika mkutano wa kijiji.

Nanyi ndugu zetu wa visiwani, mtafiti si mkaguzi wala si mgeni wa kufurahishwa. Mnayo haki ya kuuliza kazi yake ni ya nini, na mnayo haki ya kukataa kujibu. Lakini mkikubali, mwambieni mambo yalivyo: kama darasa halina mwalimu, semeni halina, kama mtoto yuko mwaloni saa za masomo, msifiche. Jibu la kumpendeza mgeni hupunguza shida zenu katika karatasi tu, na mgao hufuata karatasi.

Msomi atakayepata shahada yake kwa majibu ya watu wa ziwa ana deni kwao. Na alianze kulilipa kwa kupanda mtumbwi.